Kanisa Lililovuliwa Lipu

Saa tatu na dakika ishirini asubuhi, Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa tatu, kipande cha lipu chenye ukubwa wa meza ya watu sita kilibanduka kwenye ukuta wa mashariki wa kanisa letu kikaanguka. Naijua saa kwa sababu nilikuwa nikitazama simu, nikiwangoja akina mama wa kwaya wamalize mazoezi ili nifunge mlango. Kilianguka upande wa nje, kwenye kichochoro kilicho kati ya ukuta na uzio. Hakikumuumiza mtu. Ndani, waimbaji walinyamaza katikati ya ubeti, na mmoja akauliza kama ni gari limegonga geti.

Nilizunguka nje kutazama. Pale lipu ilipokuwa, matofali yalikuwa yameloa, meusi kama yametolewa kwenye ndoo, na juu yake kulikuwa na unga mweupe. Niliuonja. Ulikuwa chumvi. Mvua ilikuwa haijanyesha kwa siku tisa. Nilisimama pale nikahesabu siku hizo mara mbili, kwa sababu kama mvua haikunyesha, maji yale hayakutoka nje. Yalikuwa ndani ya ukuta, na aliyeyafungia humo ni mimi.

Jengo letu liko Berea, mtaa wa Durban, kwenye mteremko, mahali ambapo kati ya maghorofa mawili unaiona bandari. Ni ukumbi wa zamani wa matofali mekundu, uliojengwa na waumini wa dhehebu jingine ambao hata wajukuu wao hawapo tena mtaani. Sisi ni wapangaji. Wengi wetu ni Wakongo wa Bukavu na Uvira. Kuna Warundi wachache, na Watanzania tulio wanne. Mimi ni karani wa bohari huko Clairwood. Shule niliachia darasa la saba. Mengine yote niliyonayo nimejisomea, kitabu kimoja baada ya kingine, na kwa sababu hiyo nilifanywa mwenyekiti wa kamati ya jengo. Watu huamini kwamba mtu anayesoma sana anajua pia kujenga. Mimi mwenyewe niliamini hivyo.

Lipu ile tuliipiga miaka miwili kabla. Kilikuwa kipindi ambacho watu waliandamana mjini wakitaka wageni tufunge biashara tuondoke. Familia kumi na tisa zilikimbilia ukumbini na kulala humo siku tatu, watoto katikati, wanaume kandokando ya kuta. Siku ya pili mtu mmoja alipita kichochoroni na nondo, akawa anagonga ukuta huku akitembea. Hakufanya zaidi ya hapo. Lakini upande wetu wa ndani unga mwekundu ulidondoka kwenye mablanketi kila alipogonga, nasi tukajua kwamba matofali yetu ni laini.

Hali ilipotulia, Pasta alitangaza salongo. Hiyo ni desturi ya Wakongo: kazi ya mikono ya watu wote, siku moja, bila malipo. Kwao iliwahi kuwa amri ya serikali. Huku Durban imebaki kuwa namna ya kupendana. Mtu ambaye hana cha kutoa sadakani huja na mikono yake. Kila familia ilileta saruji. Mimi nilisoma, nikapima, nikaandika uwiano: mchanga ndoo tatu, saruji ndoo moja, waya wa kuku katikati, tabaka mbili. Lipu ile ilikuwa nzuri. Hata leo nasema ilikuwa nzuri, imenyooka, ngumu, inalia kama chuma ukiigonga. Pasta aliipiga kofi akasema, "Sasa iko ngome."

Mwenye jengo alikuja Jumatatu. Ni mzee mpole ambaye haongezi maneno. Aliugonga ukuta kwa ufunguo wa gari lake, hatua baada ya hatua, na sehemu kubwa ilitoa mlio wa debe tupu. Akasema tarehe thelathini ataleta injinia. Injinia akisema ukuta si salama, atafunga jengo siku hiyohiyo, nasi hatumlaumu, kwa sababu ukuta ukimwangukia mtu atakayefungwa ni yeye. Hivyo tulibaki na siku ishirini na sita. Hatukuwa na mahali pengine pa kusalia kwa bei ile. Na jambo ambalo hakuna aliyelisema kwa sauti: hatukuwa na mahali pengine pa kukimbilia.

Kesho yake, nilipotoka kazini, nilikuta mtu amesimama nje ya uzio anautazama ukuta. Alikuwa Mfilipino wa makamo kama mimi, mkono wa kushoto ukiwa ndani ya plasta ya hospitali. Alikuwa serahangi, msimamizi wa mabaharia wa sitaha, katika meli ya mizigo. Kamba ya kufungia meli ilimvunja mkono wakiwa bandarini, meli ikaondoka bila yeye, naye akapangishiwa chumba kwenye nyumba inayotazamana na kanisa akingoja tiketi ya kurudi kwao.

"Ukuta wenu unatoka jasho," aliniambia kwa Kiingereza. "Wa kwetu ulitoka jasho hivyohivyo, miaka mingi kabla haujaanguka."

Nilimuuliza ukuta gani. Alitoa simu, akaifungua kwa kidole gumba, akanionyesha picha.

Kwanza nilidhani ni gereza. Ukuta mrefu wa mawe ya kijivu, madirisha machache, madogo, yote juu kuliko kichwa cha mtu aliyepanda farasi. Kila baada ya hatua kadhaa kulikuwa na mhimili mnene wa mawe uliouegemea ukuta kutoka nje, mpana chini na mwembamba juu, kama mtu aliyeuwekea bega mlango ili usifunguliwe. Pembeni palisimama mnara wa pembe nane, na katika ghorofa zake za chini hapakuwa na madirisha bali nyufa za kupitishia jicho au mtutu. Juu kabisa ndipo nilipoiona kengele, na juu ya kengele msalaba.

"Kanisa?" nilimuuliza.

"Kanisa. Nilibatizwa humo. Babu yangu naye, na babu wa babu."

Kuanzia siku hiyo, kwa muda wa siku kumi na moja, nilikaa naye kwenye ngazi za ukumbi kila jioni kabla jua halijazama, nikiwa na daftari. Aliyonieleza niliyahakiki kadiri nilivyoweza kwenye maktaba ya mjini, kwa sababu baharia aliye mbali na kwao huongeza chumvi. Mengi yalikuwa kweli.

Wahispania walifika visiwa vya Wafilipino kwa kuivuka bahari kuu kutoka Meksiko, na nyuma ya askari walikuja watawa. Watu wa visiwani waliishi wametawanyika, nyumba hapa na nyumba kule, kando ya mito. Watawa waliwakusanya vijijini, na kipimo cha kijiji kilikuwa kengele: kila mtu alitakiwa kuishi mahali anapoweza kuisikia. Kwa mtawa ilikuwa rahisi kuhubiri, na kwa mtawala rahisi kutoza kodi. Lakini watu waliokusanywa pamoja ufukweni ni rahisi pia kukamatwa. Kutoka bahari ya kusini walikuja wavamizi kwa mashua za makasia, wakichukua watu wa kuuza utumwani, mwaka baada ya mwaka kwa vizazi. Serikali ilikuwa mbali na haikuwa na meli za kutosha. Basi mtawa wa kijiji akawa pia kamanda, na kanisa likawa pia ngome. Mnara wa kengele ulikuwa mnara wa mlinzi. Kengele moja iliita watu kwenye misa. Iliyogongwa harakaharaka iliwaita wakimbie ndani. Kisima kilichimbwa uani ili wasife kiu wakizingirwa. Milango ilikuwa michache, ya mbao nene, na pale watu walipopata nafasi walizungushia ukuta wa pili wenye ngome ndogo kwenye pembe zake.

"Nani alilijenga?" nilimuuliza.

"Mapadri wanasema mapadri." Alicheka kidogo. "Bibi yangu alisema ni miguu na migongo ya watu wetu. Kila mwanamume alidaiwa siku arobaini kwa mwaka. Hukuweza kukataa."

Niliandika hilo. Nilifikiria salongo, ambayo nayo ilianza kwa amri.

Mawe yenyewe yalikuwa matumbawe. Aliponiambia hivyo nilifunga daftari. Mimi nimekulia Mikindani, kusini mwa Tanzania, mji wa nyumba kuukuu za matumbawe. Nilijua bila kuelezwa jinsi jiwe lile linavyokatwa maji yakipwa, likiwa laini, na jinsi linavyokuwa gumu likikaa juani. Jinsi matumbawe mengine yanavyochomwa kwenye tanuri la magogo hadi yawe chokaa, chokaa ikazimwa kwa maji na kuachwa shimoni miezi. Nilikuwa nimeyaona yote hayo nikiwa mtoto, na nilichojifunza ni kitu kimoja tu: kwamba ni mambo ya watu wasio na uwezo. Mwenye uwezo alinunua saruji. Mtu aliyerudi kutoka Dar es Salaam na mifuko sita ya saruji aliziba nyumba ya baba yake yote, na sisi tulisimama kutazama maendeleo. Elimu yangu ya ujenzi ilianzia hapo, na vitabu nilivyosoma baadaye havikuigusa.

Serahangi alisisitiza kwamba chokaa ya kanisa lao ilichanganywa na ute wa mayai, maelfu kwa maelfu, uliotolewa na wanawake wa kijiji. Nilimwambia sikupata ushahidi wa kunitosha, na kwamba nimeweka alama ya kuuliza.

"Weka," alisema. "Lakini ukija kwetu utakuta vitamutamu vya viini vya mayai, vya aina ambayo hata mimi siwezi kuvihesabu. Ute ulikwenda ukutani. Viini ungevitupa?"

Niliiacha alama ya kuuliza, ila nikaandika pembeni: hoja ya viini.

Siku ya saba ndipo alipoeleza jinsi lilivyoanguka. Kuta zile hazikujengwa ziwe wazi. Zilifunikwa kwa lipu nene ya chokaa, nyeupe, iliyopigwa upya kila ilipochoka. Baba yake alipokuwa kijana, padri na kamati waliamua kwamba lipu inaficha uzuri wa mawe ya kale. Wakatangaza siku. Kijiji kizima kilikuja na nyundo na patasi, wanawake wakapika, wakaimba, na kufikia jioni kanisa lilikuwa uchi. Wageni walikuja kupiga picha. Kisha upepo wa bahari ukaingia kwenye matumbawe, chumvi ikafanya kazi yake, na mawe yakaanza kumung'unyuka. Kamati ikaogopa, ikaziba mashimo kwa saruji. Saruji haipumui. Maji yaliyopanda kutoka ardhini na yaliyoingia kwa juu hayakuwa na pa kutokea, yakakaa nyuma ya saruji yakiyala mawe taratibu, mahali ambapo hakuna aliyeona. Tetemeko lilipokuja, mnara ulianguka na upande mmoja wa ukuta ukalala chini. Sehemu zilizozibwa kwa saruji zilibanduka vipande vizimavizima, na nyuma yake mlikuwa na mchanga.

"Wavamizi hawakuweza kuubomoa," alisema. "Miaka mia na zaidi walijaribu. Tuliubomoa sisi tulioupenda."

Nilimuuliza nani aliongoza kamati ile.

"Baba yangu ndiye aliyepiga nyundo ya kwanza. Alikuwa hai tetemeko lilipokuja. Alikaa akihesabu mawe na kuyaandika namba kwa chaki ili yarudishwe. Hakuwa analia. Alikuwa anaandika namba."

Jioni ile nilichukua msumari wa inchi nne nikaenda kichochoroni. Pale palipobanduka niliusukuma kwenye tofali kwa mkono, bila nyundo. Uliingia hadi nusu. Nilining'iniza timazi kutoka ukingo wa paa: ukuta ulikuwa umetoka nje sentimita tatu na nusu katikati, karibu na kona ya kaskazini. Niligonga lipu iliyobaki na kuchora ramani ya mahali palipolia debe. Theluthi mbili.

Wakati huo Pasta alikuwa tayari ametangaza salongo ya pili. Jumamosi ifuatayo. Saruji zaidi, waya mnene zaidi, tabaka tatu. Mifuko ishirini na sita ilikuwa imeshafika, imepangwa kando ya mimbari na kufunikwa kitambaa cha kanga kama vile ni mtu amelala. Kulikuwa na mfuko ulioletwa na mama anayeuza mihogo na maharage pale Warwick Junction, ambaye alitembea na mwanawe wakiupokezana kichwani kwa sababu mwenye teksi alidai nauli ya abiria wa tatu.

Nilimpigia Pasta simu Alhamisi nikamweleza. Alisikiliza hadi mwisho. Akasema, kwa Kiswahili cha kwao ambacho "njo" ni "ndiye", "Papa, mimi siwezi kuambia watu hii maneno. Wewe njo ulijenga. Wewe utasema."

Jumamosi walikuja watu sabini hivi, na nguo za kazi, na masufuria. Nilisimama kwenye ngazi. Sijawahi kuwa msemaji. Nilisema lipu tuliyopiga ndiyo inayoua ukuta, kwamba matofali haya na saruji havipatani, kwamba lazima tuitoe yote, na hatutaweka saruji hata kijiko.

Aliyejibu kwanza ni kiongozi wa akina mama, mwanamke mnene wa Uvira ambaye sote tunamwita Mama Prezida, na ambaye hata Pasta humwomba ruhusa.

"Papa Tanzania," alisema, "ngoja nisikie vizuri. Unasema tuvue ukuta nguo?"

"Ndiyo, Mama."

"Sisi tulilalaka humu siku tatu. Wewe ulikuwa pale kwa mlango, nilikuona, ulikuwa natetemeka na ile daftari yako." Watu wakacheka. "Ule mtu wa nondo alipita hapa. Leo unataka tutoe saruji, akirudi akute biskuti?"

"Ukuta umeshakuwa biskuti, Mama. Saruji inaficha tu."

"Nani alisema saruji iko muzuri? Si wewe? Ulitupimia ndoo kama vile unapima dawa ya mtoto! Ndoo tatu, ndoo moja, mama usizidishe!" Aliniiga sauti, akanyoosha kidole kama mimi. Walicheka tena, na safari hii nami nilitaka kucheka nikashindwa.

"Mimi ndiye niliyesema," nilijibu. "Nilikosea. Nilisoma kuhusu saruji, sikusoma kuhusu ukuta. Kosa si la kanisa, ni langu. Naomba mnisamehe, na naomba tuitoe leo, kwa sababu tumebaki na siku kumi na nne."

Mzee mmoja wa Kirundi aliuliza kama haiwezekani kutoa nusu. Kijana mmoja wa duka la simu alisema kwao Bukavu nyumba zote ni saruji na zimesimama. Nilimwambia za kwao zimejengwa kwa saruji tangu msingi. Hii ilijengwa kwa chokaa na inataka chokaa, kama vile mtu wa damu fulani anavyotaka damu hiyo. Nilipoona bado hawajaamini nilimwomba Mama Prezida anifuate kichochoroni, nikampa msumari.

Aliusukuma. Ulizama. Aliutoa, akautazama, akausukuma mahali pengine, chini zaidi, kwenye usawa ambao watoto walilala upande wa pili siku zile tatu. Ukazama tena.

"Seigneur," alisema taratibu, akimwita Bwana kwa Kifaransa. Kisha akanyanyuka, akajifunga kitenge kiunoni upya, akarudi mbele ya watu. "Lete nyundo. Na pole pole! Nani atapiga kwa nguvu nitamupiga yeye."

Tulifanya kazi ile Jumamosi mbili na jioni zote za katikati. Serahangi alikaa kwenye kiti cha plastiki kichochoroni, mkono umening'inia shingoni, akatuonyesha mambo ambayo sikuyakuta kitabuni: kuanzia pale panapolia debe na kuelekea palipo pagumu, kushika tindo kwa kulaza, si kwa kusimamisha, kuacha kipande kinachong'ang'ania badala ya kung'oa uso wa tofali pamoja nacho. Akina mama walimpelekea sambaza za kukaanga na ugali, naye alikula kwa mkono mmoja akawaambia ni samaki wa kwao. Mama Prezida alimjibu kwamba ni wa ziwa la kwao, na kama anataka kesi aende nayo kwa serikali. Hawakuwa na lugha moja ya kugombania, lakini waligombana hadi chakula kikaisha.

Tulipofika katikati ya ukuta nilimwuliza kama haogopi kwamba tunafanya kosa la baba yake, kuvua.

"Baba yangu alivua chokaa, akaacha uchi," alisema. "Nyinyi mnavua saruji ili mvalishe chokaa. Lakini mkichoka katikati mkaacha hivi, basi ni kosa lilelile."

Aliondoka siku nne kabla ya injinia kuja. Tiketi ilifika asubuhi na gari likaja saa sita mchana, nikiwa kazini. Aliacha ujumbe kwa Pasta kwamba ukuta umwagiwe maji kidogo kabla ya chokaa na ufunikwe magunia mabichi baada yake. Hakuacha namba ya simu, nami sikuwa nimeiomba.

Tarehe thelathini ukuta ulikuwa mtupu, mwekundu, na theluthi moja tu ya viungo vya matofali yake ilikuwa imejazwa chokaa na mchanga. Chokaa tuliyoipata dukani ilikuwa ya mifuko, imezimwa tayari. Niliiloweka kwenye mapipa siku nane, kidogo kuliko ilivyotakiwa. Injinia alikuwa mwanamke kijana aliyevaa viatu vya kazi. Alitembea kichochoroni mara tatu, akachomeka ncha ya kalamu kwenye viungo, akapima kona ya kaskazini kwa timazi yake. Alipata sentimita tatu na nusu.

"Nani alitoa saruji?"

"Sisi."

"Nani aliiweka?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

Nilikuwa nimetayarisha maelezo kuhusu uwiano na unyevu. Sikuyatumia. "Tuliogopa," nilisema.

Alinitazama, kisha akamtazama mwenye jengo, aliyekuwa ameshika kufuli mpya ikiwa bado ndani ya karatasi yake. Akasema kama angeikuta saruji ile angefunga jengo pale pale, kwa sababu chini ya saruji asingeweza kujua chochote. Sasa anaona. Ukuta utasimama, isipokuwa mita tatu za kona ya kaskazini, ambazo lazima zibomolewe na kujengwa upya kwa chokaa, kwa gharama yetu. Hadi hapo, mtu asikae ndani ya mita mbili kutoka ukutani. Mwenye jengo aliirudisha kufuli mfukoni.

Ilituchukua hadi mwezi wa saba. Tulisali tumebanana upande wa magharibi, na palipokuwa pa kwaya paliwekwa kamba. Kona ilijengwa na fundi aliyejua kazi, si mimi. Mimi nilipepeta mchanga. Lipu ya chokaa ilipigwa tabaka tatu nyembamba, na kila jioni zamu ya familia moja ililowesha magunia. Ukuta ulikauka taratibu. Niliupima kwa msumari kila mwisho wa mwezi, hadi mwezi ambao msumari haukuingia.

Siku tuliyomaliza Mama Prezida alisimama nami kichochoroni. Ukuta ulikuwa mweupe na umepoa. Aliugusa kwa kiganja.

"Na wakirudi?" aliniuliza, bila utani.

Nilimwambia kweli. Nilimwambia kwamba ukuta huu ni mzima, lakini hauna ugumu wa saruji, na mtu mwenye nondo na saa moja ya nafasi anaweza kuutoboa. Nilimwambia kwamba hata zile kuta nene za matumbawe hazikuwaokoa watu peke yake. Kulikuwa na mtu juu ya mnara anayetazama bahari, na watu waliokubaliana kukimbia pamoja wakisikia kengele.

"Donc tutahitaji mtu wa kutazama," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Andika zamu. Wewe njo unajua kuandika."

Jumapili iliyofuata, kabla ya sala ya mwisho, Pasta aliniita mbele nitoe hesabu ya salongo zote mbili, kama desturi ilivyo. Niliomba nilipe peke yangu. Alikataa mbele ya watu wote, akasema saruji ilibebwa na vichwa vingi na hasara itabebwa hivyohivyo. Kwa hiyo nilisoma: saruji ya kwanza iliyokwenda jalalani na waya wake, kukodi gari la kifusi, chokaa, mchanga, fundi wa kona, injinia. Nikatoa kile tulichopata kwa kuiuza ile mifuko ishirini na sita ambayo haikufunguliwa. Tulichopoteza ni randi elfu thelathini na nne mia saba na themanini.